Siwa ya Pate na Joto Alilolisahau Newton

Mwaka 1687 Wareno walimkamata mfalme wa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, pamoja na wakuu wake, wakawapakia merikebuni hadi Goa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1688 wakauawa huko huko ugenini. Nyumbani alibaki Mwana Darini, ambaye kwa mapokeo ya Wapate alifiwa na mume na ndugu kwa mkasa huo mmoja. Miaka ikapita, mwanawe akafikia umri wa kutahiriwa. Mama akataka jando la kijana lifanywe kwa hadhi ya ukoo wake, na jando la watu wa hadhi halikuwa jando bila siwa, ile pembe kubwa ya kupulizwa. Akaiomba siwa ya mji. Wenye mamlaka wakamnyima. Basi akaagiza yake mwenyewe, ya pembe za ndovu, ichongwe upya.

Siwa ya pembe ya Pate iliyotufikia inadhaniwa kuwa ndiyo hiyo ya Mwana Darini. James de Vere Allen, msimamizi wa kwanza wa Makumbusho ya Lamu, aliichunguza pamoja na mwenziwe wa shaba, siwa ya Lamu, akaiweka katika miaka ya mwisho ya karne ya 17. Ni ndefu kuliko mtu mrefu, na haipulizwi nchani kama tarumbeta ya bendi. Tundu lake liko ubavuni. Mabaharia wa Vasco da Gama walikutana na pembe za namna hiyo Malindi mwaka 1498: mbili, za pembe ya ndovu, zenye kimo cha mtu, zikipulizwa kwa ubavu. Ilikuwa sauti ya dola. Mji usiokuwa na siwa ulikuwa mji wa kuomba kwa jirani, na ndiyo maana Mwana Darini alinyimwa: aliyeomba sauti ile alikuwa anaomba zaidi ya sauti.

Mwaka huo huo wa 1687, mwezi wa Julai, kilitoka London kitabu cha Kilatini cha Isaac Newton ambacho wengi wanakitaja na wachache wamekisoma. Watu wanakijua kwa habari za mwezi na sayari. Ndani yake, katika juzuu ya pili, mna swali ambalo mpulizaji siwa angelielewa mara moja: sauti huenda kwa kasi gani, na ni nini kinachoipa kasi hiyo?

Jibu la Newton lilikuwa zuri. Midomo ikitetemeka tunduni, hewa iliyo karibu hubanwa. Iliyobanwa inasukuma ya jirani, ya jirani inasukuma ya mbele yake, na msukumo unaenda hivyo hadi sikioni, ilhali hewa yenyewe haijaondoka mahali pake. Kasi basi inategemea mambo mawili tu: uzito wa hewa, yaani ni mzigo gani unaosukumwa, na ukaidi wake, yaani inakataa kubanwa kwa kiasi gani. Kitu chepesi na kikaidi hupitisha msukumo haraka. Kizito na kilegevu huuchelewesha.

Uzito wa hewa ulikuwa unajulikana. Ukaidi wake Newton aliuchukua kwa Robert Boyle, ambaye mwaka 1662 alitangaza kwamba hewa ikibanwa hadi nusu ya ujazo wake, shinikizo lake huwa maradufu, ilimradi halijoto isibadilike. Hilo “ilimradi” ndilo lililomponza.

Kwa kuanzia hakuna aliyeliona kosa, hata yeye. Newton alikwenda kwenye baraza moja yenye nguzo katika chuo cha Trinity, Cambridge, yenye urefu wa futi 208, akasikiliza mwangwi ukienda na kurudi mara nne huku akiulinganisha na timazi fupi inayobembea. Timazi ni ile ile wanayoijua waashi wa Lamu wanapojenga ukuta wa matumbawe, ila hapa imeachiwa ibembee badala ya kutulizwa. Kwa kipimo hicho cha mkono mtupu alipata kwamba kasi ya sauti iko kati ya futi 920 na 1,085 kwa sekunde. Hesabu yake kwenye karatasi ilikuwa imempa 968. Imo ndani. Akaridhika.

Kisha akatokea William Derham, kasisi wa kijiji cha Upminster nje ya London. Mtu huyu alipanda mnara wa kanisa lake na darubini, akawa anatazama miale ya bunduki na mizinga inayofyatuliwa maili kadhaa mbali, halafu anahesabu mibembeo ya timazi ya nusu sekunde mpaka mlio ufike. Alifanya hivyo wakati wa upepo wa kila upande, na matokeo yake aliyoyachapisha kwenye mwaka 1709 yalikuwa futi 1,142 kwa sekunde. Newton, katika toleo la pili la kitabu mwaka 1713, alikuwa ameisogeza hesabu yake hadi 979. Baina ya namba hizo mbili pana upungufu wa moja ya sita ya hesabu yake.

Alichofanya Newton baada ya hapo hakimpendezi hata anayempenda. Alisema punje za hewa ni ngumu na zina unene, na kwamba sauti hupita ndani ya punje papo hapo bila kutumia muda. Kwa hiyo tupunguze safari kwa kiasi cha unene huo. Upungufu uliobaki akauziba kwa mvuke wa maji, sehemu moja ya mvuke kwa kumi za hewa, mvuke ambao alidai haushiriki katika mtetemo. Jumla ikatoka 1,142 barabara. Hakuna aliyepata kuona punje hizo wala kupima mvuke huo. Ilikuwa hesabu ya mwenye duka anayejua tayari jibu analotakiwa kulifikia jioni.

Miaka mia na zaidi hesabu hiyo ilisimama hivyo hivyo, kwa sababu ya jina la mwenyewe.

Jambo alilolisahau lipo kila mahali pa pwani hii. Mwangalie kijana wa Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, anayejaza mpira kwa pampu ya mkono kabla ya mechi ya jioni mchangani. Akisukuma haraka mara ishirini, chini ya pampu pale hewa inapobanwa pamekuwa na moto wa kumfanya abadilishe mkono. Si msuguano peke yake. Hewa ikibanwa haraka hupata joto, na isipopewa muda joto hilo halina pa kwenda. Mwaka 1803 Joseph Mollet wa Lyon, Ufaransa, aliwaonyesha wenzake kwamba ukisukuma pampu kwa pigo moja kali, kipande cha kitambaa kilichomo ndani kinashika moto. Injini ya dizeli inayovuta mashua ya mizigo kutoka Mokowe inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: haina plagi ya cheche, mafuta yanawashwa na hewa iliyobanwa.

Sasa rudi ndani ya siwa. Chukua mtetemo wa mara 200 kwa sekunde. Kila sehemu ya hewa inabanwa na kuachiwa ndani ya sehemu 5 za elfu za sekunde. Nusu ya muda huo ndiyo fursa ambayo joto lililozaliwa na mbano lingekuwa nayo ya kukimbilia upande uliopoa, na upande huo, katika hewa ya vuguvugu ya Lamu, uko karibu sentimita 87 mbali. Kwa muda huo joto hujipenyeza hewani kwa kiasi cha robo ya milimita tu. Kwa hiyo halitoki. Hewa iliyobanwa inabaki na joto lake, joto linaongeza shinikizo, na hewa inakuwa kaidi kuliko alivyodhani Newton. Sauti inaharakishwa na joto la mbano wake yenyewe.

Kwa kiasi gani? Hapa ndipo mambo mawili yanayoonekana hayana udugu yanakutana, na inafaa tukae hapo kidogo.

Hewa ina njia mbili za kubanwa. Ukiibana polepole, ukiiacha ipoe kila hatua, kila nyongeza ya asilimia 1 ya shinikizo inapunguza ujazo kwa asilimia 1. Ukiibana ghafla, nyongeza ile ile inapunguza ujazo kwa asilimia 0.71 tu. Hewa pia ina njia mbili za kupokea joto. Kilo moja ya hewa iliyofungiwa chomboni, isiyoweza kutanuka, inataka jouli 718 kupanda nyuzi 1. Kilo hiyo hiyo ikiachwa itanuke, kama ilivyo hewa ya chumbani, inataka jouli 1,005, kwa sababu inapotanuka inasukuma hewa ya nje na kazi hiyo lazima ilipiwe. Gawanya 1,005 kwa 718: unapata 1.4. Gawanya 1 kwa 0.71: unapata 1.4.

Si sadfa, na sababu yake haihitaji hesabu kubwa. Tuseme tunataka kuipunguza kilo yetu ya hewa ujazo kidogo tu. Njia moja ni kuipoza kwa nyuzi 1 huku ikiwa huru kunywea: inatoa jouli 1,005 na ujazo unapungua. Sasa funga chombo, ujazo usibadilike tena, uirudishie joto. Kama ulitaka mbano wa polepole, ambamo halijoto haibadiliki, irudishie nyuzi ile 1 iliyopotea na uishie hapo. Lakini kama ulitaka mbano wa ghafla, ambamo hakuna joto lililoingia wala kutoka, huna budi kurudisha jouli zote 1,005 ulizochukua. Ndani ya chombo kilichofungwa kila nyuzi inagharimu jouli 718 tu. Basi hewa itapanda nyuzi 1.4, na shinikizo nalo litapanda mara 1.4 kuliko kwenye mbano wa polepole, kwa ujazo ule ule. Hapo hakuna mahali tulipotumia sifa ya hewa peke yake. Weka maji, shaba au pembe ya ndovu, hoja inabaki: wepesi wa kubanika polepole ukigawanywa kwa wepesi wa kubanika ghafla ni sawa na uwezo wa kubeba joto kitu kikiwa huru kutanuka ukigawanywa kwa uwezo huo kikiwa kimefungwa.

Aliyelichomoa fumbo hili kwa ajili ya sauti ni Pierre-Simon Laplace. Wazo lilikwisha kumtoka mdomoni mapema, kwani kijana wake Jean-Baptiste Biot alilichapisha mwaka 1802 kwa maelekezo yake. Ila kulisema ni jambo moja na kulipima ni jingine. Wakati huo hakuna aliyejua hewa hubeba joto kiasi gani, seuze kwa njia mbili.

Miaka ambayo Wafaransa walihangaika na kipimo hicho ndiyo miaka ambayo Lamu ilihangaika na uhai wake. Mnamo mwaka 1812 au 1813 jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela kuja kuutwaa mji. Watu wa Lamu wakawakabili mchangani, wakawarudisha nyuma, na waliokimbilia vyombo wakavikuta vimekwama, maji yamekupwa. Mifupa ilibaki kwenye vilima vya mchanga vizazi kadhaa. Lamu ikiogopa kisasi ikajiweka chini ya Seyyid Said wa Oman, na ngome iliyoanzwa kujengwa kwenye mwaka 1813 ikakamilika mwaka 1821.

Paris nayo ilikuwa na vita vyake, vya wino. Taasisi ya Ufaransa ilitangaza shindano la kupima uwezo wa gesi kubeba joto. Mwaka 1813 wakashinda François Delaroche na Jacques Bérard. Walioshindwa ni Nicolas Clément na mkwewe Charles Desormes, na mimi nawapenda walioshindwa. Kifaa chao kilikuwa chupa kubwa ya kioo yenye bilula. Walipunguza hewa ndani kidogo, wakafungua bilula kwa muda usiofika nusu sekunde, wakafunga. Hewa ya nje iliyoingia kwa kishindo iliibana iliyokuwemo, shinikizo likalingana na la nje, halijoto ikapanda. Kisha wakangoja. Chupa ilipopoa, shinikizo likashuka kidogo, na kutokana na mshuko huo mdogo uwiano unahesabika. Chupa, bilula, mita ya shinikizo na subira, basi. Mwanafunzi wa kidato cha nne angeweza kulifanya jaribio hilo mezani.

Laplace alichapisha kanuni yake mwaka 1816: chukua kasi ya Newton, izidishe kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uwezo ule wa aina mbili. Akatumia namba za washindi, akapata uwiano wa 1.5, nao ukampeleka mbele kupita kiasi. Sauti ya kwenye karatasi ikaishinda mbio ya kweli. Mwaka 1819 chupa ya walioshindwa ikachapishwa na uwiano wa 1.354, ulio karibu zaidi na ukweli. Joseph Gay-Lussac na mwenziwe Welter wakairudia kazi hiyo kwa makini zaidi, wakafika kwenye 1.37.

Ikabaki kuipima upya kasi yenyewe. Usiku wa tarehe 21 na 22 Juni 1822, mwaka mmoja baada ya ngome ya Lamu kukamilika, watu wa Ofisi ya Longitudo ya Paris waligawanyika makundi mawili: wengine Villejuif, wengine Montlhéry, umbali unaozidi kilomita 18. Walikuwemo François Arago, Gaspard de Prony, Gay-Lussac na Alexander von Humboldt. Mzinga ukilia huku, kule wanaona mwale na kubonyeza saa, wanangoja. Ilikuwa kazi ya Derham, ila kwa saa nzuri zaidi. Wakapata mita 340.9 kwa sekunde, kwa hewa ya nyuzi 15.9. Laplace akirudia hesabu yake na ule uwiano mpya alipata mita 337 na kidogo. Upungufu wa moja ya sita ulikuwa umebaki moja ya mia.

Kuna kichekesho ndani yake. Laplace aliamini joto ni kimiminika kisichoonekana kilichojificha katikati ya punje, kinachokamuliwa nje hewa ikibanwa kama tui kwenye kifumbu. Imani hiyo haikuwa kweli. Katikati ya karne ya 19 Robert Mayer, James Joule na Rudolf Clausius waliizika: joto ni mwendo, na Mayer mwaka 1842 alikadiria thamani ya mwendo huo kwa kuangalia pengo lile lile kati ya namba mbili za uwezo wa hewa. Nyumba ya Laplace ikabomolewa na kanuni yake ikabaki imesimama, kwa sababu hoja ya kupoza kwanza na kurudisha joto baadaye haijali joto limeundwa na nini.

Tuseme neno kuhusu maji, maana Lamu si nchi kavu. Mwaka 1826 Daniel Colladon, akisaidiana na Charles Sturm, alipima kasi ya sauti ndani ya ziwa la Geneva. Kengele iligongwa chini ya maji wakati baruti ikiwaka juu ya mashua, na upande wa pili Colladon alikuwa ametumbukiza bomba refu la bati ziwani, mdomo chini, sikio lake juu. Siwa iliyopinduliwa, unaweza kusema, ya kupokea badala ya kutoa. Alipata mita 1,435 kwa sekunde, na ajabu ni kwamba kwa maji hakuhitaji kusahihisha kwa Laplace. Sababu ni kwamba maji yakibanwa hayapati joto la kutajika: hayatanuki sana yakipashwa, kwa hiyo namba zake mbili za uwezo zinakaribiana. Kwa maji matamu ya nyuzi 25 zinapishana kwa asilimia 1 hivi. Yakiwa na nyuzi 4, halijoto ambayo maji hayatanuki wala kunywea, zinalingana kabisa, na mbano wa ghafla na wa polepole huwa ni kitu kimoja. Kama samaki angeandika kitabu cha sauti, angepatia alipokosea Newton.

Turudi hewani. Kutoka Shela hadi mji wa Lamu ni kama kilomita 3 kwa njia ya ufukweni. Hewa ikiwa na nyuzi 30, sauti huenda mita 349 kwa sekunde. Mlio unaoondoka Shela unafika mjini baada ya sekunde 8.6. Kwa hesabu ya Newton isiyotiwa viraka ungekwenda mita 295 kwa sekunde na kufika baada ya sekunde 10.2. Tofauti ni sekunde moja na nusu, na mtu mwenye saa ya mkononi na rafiki mwenye kioo cha kurudisha mwanga na ngoma yenye mlio mkubwa anaweza kuwaamulia Newton na Laplace asubuhi moja isiyo na upepo.

Hata hivyo Newton hakunyang'anywa kila kitu. Mwaka 1868 Gustav Kirchhoff alihesabu sauti inavyokwenda ndani ya mrija, akaona kwamba hewa inayogusa ukuta haiko kama ya katikati. Ukuta ni mzito na haupati joto upesi. Hewa iliyobanwa kando yake inaupa joto lake papo hapo na kubaki na halijoto ile ile. Hapo sharti la Boyle linatimia. Katika siwa ya Mwana Darini, kwa mtetemo ule wa mara 200 kwa sekunde, utando huo ulioshikamana na pembe ya ndovu una unene wa sehemu 2 za kumi za milimita. Ndani ya utando huo Newton yuko sahihi. Hewa yote iliyobaki ni ya Laplace.